Uzoefu wangu: desturi za kila wiki kwenye kambi ya likizo ya watoto Mikindani

Kambi yenyewe siitaji jina, maana mengine nitakayoyasema ni lawama na wenyewe bado wanajirekebisha. Ni ya watoto wa miaka 7 hadi 14, hufanyika likizo ya Juni pembeni ya ghuba ya Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini. Mtoto huingia Jumapili alasiri na kutoka Jumamosi asubuhi. Mzazi hulipia wiki moja, au huongeza mpaka nne.

Matangazo yao yanauza mashua na kuogelea. Mimi nasema kinachostahili hela pale ni desturi za wiki, yale mambo yanayojirudia kila juma mpaka watoto wanayaongoza wenyewe. Ila si zote. Zilizopangwa kwa kufuata bahari, upepo na giza la Mtwara zinakwenda vizuri sana. Zilizobebwa nzimanzima kutoka video za kambi za Marekani zinakwama, na zinakwama kwa sababu zinazoelezeka.

Nianze na vikundi, kwa ufupi. Jumapili saa 10 alasiri watoto hugawanywa vikundi sita vya wanane wanane vyenye majina ya miti: Mnazi, Mwembe, Mkorosho, Mbuyu, Mkwaju, Mpingo. Kila kimoja kina wakubwa wawili, wa kati wanne, wadogo wawili, na ndugu hawawekwi pamoja. Mtindo wa vikundi vidogo vinavyoongozwa na mtoto ni wa skauti tangu kambi ya Brownsea ya mwaka 1907 kule Uingereza. Hapa wameutia zamu za kwetu: kuchota maji, kuosha masufuria, kufagia, kuhudumia masinia, kuandaa kuni, na zamu ya sita ni mapumziko. Zamu hukabidhiwa saa 12 jioni. Walikuwa wakikabidhi asubuhi, na kila siku uji ulichelewa kwa sababu mapipa yalikutwa matupu na kila kikundi kilidai zamu ilikuwa ya wenzao. Ikikabidhiwa jioni, mapipa hujazwa usiku ule ule na ubishi unakwisha kabla ya kulala.

Sasa Jumatano ya pwani. Hii ndiyo desturi bora ya kambi, na ndiyo iliyokuwa mbovu kuliko zote walipokuwa wakiifanya kwa ratiba ya ukutani: kila Jumatano saa 3 asubuhi, matembezi ya maji kupwa. Mtu wa pwani akisoma ratiba ya namna hiyo anacheka. Juma lina siku 7. Bahari haina juma. Kujaa na kupwa husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, kwa hiyo baada ya siku 7 yamesogea karibu saa 6. Jumatano hii maji yakiwa yamekupwa kabisa saa 4 na nusu asubuhi, Jumatano ijayo saa hiyo hiyo yamejaa. Isitoshe, wiki moja ni bamvua, maji hujaa na kupwa sana, inayofuata ni maji mafu, hujaa na kupwa kidogo, kisha bamvua tena. Watoto wa wiki ya pili walikuwa wakisimamishwa ufukweni na ndoo zao mkononi wakitazama maji.

Walichofanya sasa ni kuwa na Jumatano za aina mbili. Wiki ya bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hapa huzidi mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia saa 4 au saa 5 asubuhi, watoto hutembea. Wiki ya maji mafu, saa zile zile maji yamejaa na mkondo ni mdogo. Watoto huogelea na kupanda mashua, kila mmoja na jaketi okozi lake lililofungwa kamba zote, hata ile ya katikati ya miguu. Kamba hiyo watoto huichukia, lakini bila hiyo jaketi hupanda usoni mtoto anapoanguka majini.

Matembezi yenyewe yana utaratibu ambao ningependa kila shule inayopeleka watoto baharini iuige. Hutoka saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa. Hufuata maji yanaposhuka, hawayatangulii. Filimbi ya kurudi hupigwa dakika 15 kabla ya kupwa kabisa, na hapo ndipo wasaidizi wapya hubishana, kwa sababu wakati huo bahari imetulia na watoto ndiyo kwanza wameanza kuona vitu. Tatizo ni kwamba saa ya kwanza ya kujaa haionekani. Ni saa ya tatu na ya nne ndizo zinazorudisha nusu nzima ya maji yote. Kwenye mita 3, hiyo ni mita moja na nusu ndani ya saa mbili, kina kinachomzidi urefu mtoto wa miaka 9. Na vijito ndivyo hatari zaidi: bonde mlilolivuka kavu mkienda hujaa nyuma yenu huku mchanga mliosimama bado haujalowa.

Miguuni, raba za kufunga kamba. Yeboyebo hazifai, tope la karibu na mikoko huzinyonya na mtoto hubaki peku mahali penye makombe makali. Kuburuza miguu badala ya kunyanyua hatua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia mchangani ashtuke aondoke. Kombe lenye umbo la pia ya kuchezea halishikwi hata likionekana zuri kiasi gani, maana wapo konokono wa aina hiyo wenye mwiba wa sumu. Jiwe likigeuzwa hurudishwa kama lilivyokuwa, kwani vilivyo chini yake hufa kwa jua. Msaidizi wa mwisho kwenye msafara hubeba chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto na beseni dogo. Hicho ndicho kitu kilichonifanya niwaamini. Mtoto akichomwa na taa au na samaki wa mwiba, mguu huingizwa kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, mtu mzima akiyapima kwanza kwa mkono wake mwenyewe, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku safari ya zahanati ikiandaliwa. Moto hupunguza yale maumivu. Mkojo, ndimu na mafuta ya taa havina kazi hapo.

Bamvua ndiyo siku za kina mama wa pweza pia. Watoto hufundishwa kusema shikamooni kabla ya kusogea, kutopita mbele ya mtu aliyeinama kwenye tundu, na kutochokonoa tundu lolote kwa kijiti chao. Mara nyingi mama mmoja huwaita mwenyewe akawaonyesha jinsi pweza anavyojenga mlango wa vijiwe mbele ya nyumba yake, na somo hilo hakuna msaidizi anayelifikia.

Kwa mzazi anayetaka mtoto wake aone haya, chagua wiki kwa kalenda ya mwezi. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, kwa makadirio. Jumatano ikiangukia tarehe 8 au 22, mwanao ataogelea tu.

Moto wa Ijumaa. Juni jua la Mtwara huzama saa 12 na dakika chache, na ikifika saa 12 na nusu ni giza. Ratiba yao ya sasa ni nzuri: magharibi, chakula, isha, halafu moto saa 1 na dakika 40 mpaka saa 3. Watoto chini ya miaka 10 huondolewa saa 2 na nusu.

Miezi hii kusi linavuma, kwa hiyo duara kamili la watoto kuzunguka moto ni kuwavutisha moshi nusu yao. Hapa hukaa nusu mwezi, migongo ikielekea kusini, moshi ukiondoka zake kaskazini. Shimo lina upana wa mita moja na kina cha shubiri moja, si chini ya mita 20 kutoka banda lolote la makuti, kwa sababu cheche ya kuti kavu huruka mbali kuliko unavyodhani. Kuni hupangwa mraba, mbili huku mbili kule, zikipanda mpaka kimo cha goti. Ule mpango wa kusimamisha kuni kama paa la msonge unapendeza kwenye picha, ila ukiungua katikati huangukia nje, yaani kwa watoto. Mraba hubomokea ndani. Mizigo miwili ya kichwani inatosha usiku mmoja. Kuni ni matawi ya mikorosho yaliyokatwa wakati wa kupogoa na yakakaushwa vizuri. Kuwashia ni makumbi, vifuu na makuti mawili tu. Miti ya mikoko haiguswi. Ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa.

Jambo moja ningewataka waliandike kwa herufi kubwa pale jikoni: maganda ya korosho yasitiwe kwenye moto wa watoto. Kusini kila mtu anayo, yanawaka sana, na mlinzi mpya ataona ni kuni ya bure. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na likiungua mafuta hayo huruka na moshi wake huwasha macho na koo. Kwa sababu hiyo hiyo, watoto kuchoma korosho zenye ganda kwenye moto wa kambi hakufai, hata kama babu zetu walifanya hivyo nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ina namna yake, na watu wanaoifanya hukaa upande unakotoka upepo. Wapewe zilizobanguliwa.

Ngoma huletwa na wazee wa jirani. Hewa ya bahari hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma hupashwa moto kama dakika 10 kabla ya kuanza, uso wa ngozi ukielekea mwali, mahali ambapo kiganja chako kinavumilia. Ikisogezwa karibu zaidi na moto hupasuka kwenye vigingi. Mzee mmoja huwaita watoto wawili wa zamu, huwapigisha kidole kimoja katikati ya ngozi kabla ya kupasha na baada ya kupasha, waseme sauti imebadilikaje. Ni jambo la dakika moja, na watoto wote hunyamaza kusikiliza.

Walichokosea ni mpangilio. Sindimba, ngoma ya Wamakonde ya kuchangamka, ilikuwa ya mwisho. Ukiwatia watoto 48 sindimba saa 3 kasoro usitegemee wamelala kabla ya saa 5. Sasa huanza na sindimba moto ukiwa mkubwa, vichekesho vya vikundi vikifuata, kisha nyimbo za kukaa chini, na hadithi ndiyo ya mwisho moto ukiwa makaa. "Hadithi, hadithi!" "Hadithi njoo!" Mwenye hadithi ni mzee mmoja tu, dakika 15, asipokezane na mtu.

Ijumaa ya mwisho ya msimu huja lipiko, kinyago cha kuchezwa cha Wamakonde. Hapa nina neno. Kinyago hicho kina mambo yake ya jando, na Wamakonde hawakukileta mbele ya watoto wadogo kama kichekesho. Kambi imefanya vyema kuwaachia wazee wenyewe waamue kinacheza nini na kwa muda gani, na kuwakataza wasaidizi kujitengenezea cha boksi. Lakini wa miaka 7 na 8 wanaogopa kweli. Waambiwe mchana, wakae nyuma pamoja na mtu wao, na atakayetaka kuondoka aondoke bila kuchekwa. Bado hawalifanyi hili sawasawa.

Kuna na ile sherehe ya mishumaa: kila mtoto ashike mshumaa, aseme neno moja la shukrani, kisha amwashie mwenzake. Kwenye ukumbi uliofungwa ni nzuri. Kwenye kusi la Juni, mishumaa huzimika kabla mtoto wa nne hajasema kitu, nta humwagikia vidole, na nusu saa hupita kwenye kuwasha na kuzima. Waliposhauriwa walibadili: sasa chemli moja hupita mkono kwa mkono, mwenye chemli ndiye mwenye kusema. Kioo chake kina joto, kwa hiyo hushikwa kwa mkono wa waya wa juu tu. Imekuwa desturi nzuri kuliko ile waliyoiiga.

Kuzima: maji ndoo mbili, koroga kwa mti, maji tena mpaka majivu yawe uji. Kufukia kwa mchanga peke yake ni hatari kubwa ya kambi za pwani. Mchanga huhifadhi joto, na asubuhi mtoto peku hupita juu ya makaa asiyoyaona.

Jumanne usiku ni vitendawili, na kwa gharama ya bure kabisa ni usiku ninaoupa alama zote. Kikundi hutega, kingine hujibu, majaribio matatu. Wakishindwa: "Nipe mji!" Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mji ukishatolewa hautolewi tena usiku ule na kila mji huandikwa ubaoni. Watoto wa Dar hutoa Dar es Salaam mapema, wakadhani wamemaliza. Raundi ya nne miji mikubwa imekwisha, sasa vichwa vinakunwa: Nachingwea imetolewa, Ruangwa imetolewa, Liwale je? Tandahimba? Mtoto wa Nanyumbu hukataa katakata kwao kutolewe, na kikundi chake humtetea. Jibu nalo haliji bure. Aliyepewa mji lazima ajisifu jinsi alivyokwenda huko na alivyopokelewa, ndipo afumbue. Kasoro ni kwamba wasaidizi huchukua vitendawili vya vitabuni ambavyo kila mtoto wa darasa la tatu anavijua, nyumba isiyo na mlango na vingine vya hivyo. Watoto waambiwe kuuliza bibi zao kabla ya kuja. Waliokuja na cha bibi huwa hawashindwi.

Alhamisi huliwa kwa sinia, watoto wanane kwa sinia moja, chakula cha Kusini: ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, samaki, na ming'oko, yaani viazi vya porini, ya kuchemsha ikipatikana. Kanuni mbili zinafanya sinia lisiwe vita. Kila mtu hula upande wake, na samaki au nyama haiguswi mpaka mwisho, mkubwa wa sinia aigawe, yeye akichukua la mwisho. Wakubwa wa miaka 14 hupata adabu hapo kuliko kwenye hotuba yoyote. Mikono ni kwa ndoo ya bomba na sabuni; kwa watoto 48 weka ndoo tatu za lita 20, vinginevyo foleni huwa ndefu na wa mwisho hupitisha vidole tu. Ugali wa muhogo hukaza ukipoa, kwa hiyo husongwa masufuria mawili kwa kupishana badala ya moja kubwa. Mtoto aliyezoea sembe huenda asiule siku ya kwanza. Msimlazimishe, wiki ya pili anaomba.

Ijumaa mchana kambi husimama kuanzia saa 6 hadi saa 8 kwa ajili ya swala, na Jumapili asubuhi kwa wanaobaki kuna muda wa kanisani. Wasiokwenda hufua. Hakuna aliyelazimishwa wala kuachwa, na wapishi hutoa pilau Ijumaa kwa wote: kilo 8 za mchele kwa watoto na wasaidizi wao. Sina la kuongeza.

Desturi ya kuachwa ni "mtoto bora wa wiki". Mmoja hupewa cheti mbele ya wenzake 47. Wasaidizi humchagua anayeonekana, yaani anayesema sana, na kikundi kilichokosa hulegeza zamu siku hiyo hiyo. Kikundi kikipewa kitu cha pamoja, kwa mfano kuwa wa kwanza kupanda mashua wiki ijayo, inatosha.

Na barua. Jumatatu mchana kila mtoto huandika ukurasa mmoja nyumbani, na wazo ni zuri. Lakini walikuwa wakizipiga picha na kuzitupa zote kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Mtoto ameandika kuwa amekojoa kitandani, wazazi 40 wamesoma. Mzazi, kabla hujalipa, uliza barua ya mwanao inapita wapi. Andika kabisa kwenye fomu kwamba itumwe kwa namba yako peke yake, au ifungwe na kutumwa kwa basi kama kifurushi.

Kwa wenye watoto wa pumu kuna jingine la kuuliza: Juni ndiyo wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na vumbi la salfa hiyo hubana kifua na kuwasha macho. Mashamba yapo karibu. Kambi iongee na majirani ijue siku za kupuliza, kwa kawaida alfajiri upepo ukiwa umelala, na mtoto awe na dawa yake ya kuvuta mfukoni, isifungiwe ofisini.

Begi liwe na raba za kuloweka, sweta la usiku wa moto, nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu, chandarua kama hutaki cha kwao, na bahasha. Mfikishe kabla ya saa 10 Jumapili. Anayechelewa hukuta vikundi vimeshapangwa, na huingizwa popote penye nafasi, mara nyingi pamoja na ndugu yake.